Filamu Ambayo Aimée Hajaimaliza

Avenue ya Kumi na Moja,
Commune ya Tshopo,
Kisangani.
9 Novemba 2025

Mpendwa mama mdogo Berthe,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na sasa umebaki ukungu tu juu ya mto, kama mvuke wa chungu kilichofunuliwa. Habari za Liège? Habari za baridi, na za mgongo wako uliotuambia unakuuma tangu walipokuhamisha kazini ukawahudumie wale wazee wasioweza kujigeuza kitandani? Tunakutaja katika sala kila siku. Na Aimée, ni mzima? Sehemu ya jibu ninayo, lakini kuuliza ni heshima.

Sisi huku tunaendelea. Magoti ya mama yako, Koko wetu, yanamsumbua wakati wa mvua, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Papa Timothée yuko Isangi, anangoja mzigo wa samaki wakavu ukamilike ndipo apande boti kurudi. Mama anakusalimu sana. Anasema wewe ni mdogo wake kwa kuzaliwa, lakini mwaka huu umemtangulia kwa mateso, na atakupigia mwenyewe siku mtandao utakapokuwa na huruma. Mimi nimerudi juzi kutoka Masako, tulikokuwa na mazoezi ya chuo msituni. Kule hakuna mtandao, simu ni saa ya mkononi tu. Ndiyo sababu nimechelewa kukujibu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu ma soeur Nadège, mtawa wa parokia yetu, anakuja Ubelgiji kwa mkutano wa shirika lao, na amekubali kuniwekea barua katika mfuko wake. Tena maneno haya kwenye simu yangekatika katikati, halafu ukabaki na nusu, na nusu ya neno ni mbaya kuliko kimya. Ukikaa, soma polepole.

Mwezi wa nane uliniletea ujumbe wa sauti. Niliusikiliza nikiwa nimekaa mlangoni, nachambua majani ya pondu. Ulisema: «Fortunée, wewe unatumia abonema moja ya filamu na Aimée, unaona filamu zilezile anazoona yeye. Niambie zina nini ndani. Tangu tumzike Emile, baba yake, mtoto huyu anaishi humo. Anakula sahani iko magotini. Nikimuuliza, ananijibu ça va tu, yuko sawa. Sasa anataka kwenda internat, akalale shuleni, kuanzia mwezi wa kwanza. Nikikubali nampoteza, nikikataa nampoteza. Nionyeshe niingilie mlango gani.»

Niliacha pondu, nikausikiliza tena. Sauti yako ilikuwa ya mtu anayeongea huku amefunika mdomo na kitambaa.

Basi nikaanza kutazama kwa bidii, si kwa kupitisha muda kama zamani. Unakumbuka ulipotuingiza kwenye abonema yako nafasi za majina zilikuwa zimejaa, ukaniweka kwenye jina la Aimée. Kwa hiyo tunakaa kama watu wawili wanaotumia mkeka mmoja kwa zamu. Anachokianza nakiona. Anapoachia, hapo ndipo mimi nafungulia.

Tunatazama Jumamosi tukishafua, na Jumapili baada ya misa. Simu inaegemea mkebe wa sukari juu ya meza ndogo. Koko analala ubavu kwenye mkeka wake, mimi kwenye kigoda. Yeye hatazami filamu kama sisi. Anatazama kidogo, anasinzia kidogo, akiamka anaendelea pale ndoto ilipomfikisha, na mara nyingine ndoto yake ni nzuri kuliko filamu. Siku moja aliamka akaniambia yule msichana wa kwenye theluji alikuja kumwomba moto. Akamuuliza, mbona miguu iko mitupu. Nilipotazama kioo, kweli msichana alikuwa amevua viatu.

Bon, sasa filamu zenyewe.

Nianze na ile ambayo Koko anaiita ya mukate. Msichana wa mji mdogo kando ya bahari ya baridi anapeleka mikate nyumba kwa nyumba kwa pikipiki kabla ya kwenda shule. Kila asubuhi mvulana mmoja anafungua dirisha, anajifanya anatazama hali ya hewa. Wanagombana, wanapatana, mwishoni wanabusiana mikono imejaa unga. Rangi zake ni nzuri mno, kila kitu kina rangi ya siagi. Lakini ni kama yale mandazi ya Mama Hadidja, jirani yetu: ya moto, matamu, ukiyabana katikati unakuta hewa. Aimée aliitazama mpaka mwisho, mara mbili. Usimcheke. Mtu mwenye huzuni anapenda kitu kitamu chenye hewa ndani, hakimlemei.

Ya pili ni ya marafiki wanne wanaomaliza shule. Wanaogelea ziwani, wanaapa hawatasahauliana, kila mmoja anakwenda chuo cha mbali. Muziki wake ulinikaa kichwani hata nikiwa Masako, nikawa nausikia kwenye mvua ya majani. Walioitengeneza wanajua kupiga picha ya jioni. Ila ni ndefu, na hakuna hata mmoja ndani yake anayeosha sufuria. Koko aliwatazama wakicheka juani, akaniuliza: «Hii batoto, bazazi yabo bako wapi? Nani anabapikia?»

Swali lake lilinifanya nianze kuwatazama wazazi. Mama mdogo, katika filamu hizi za vijana wazazi ni watu wa kupita tu. Baba anasoma gazeti. Mama anafungua mlango bila kupiga hodi, anasema jambo moja lisilofaa, anafunga mlango, na hatumwoni tena mpaka mwisho, anapolia uwanja wa ndege. Hawapewi nafasi ya kuwa na siku yao mbaya, wala ya kupenda wimbo. Mimi mwenyewe, baada ya kuona nyingi mfululizo, nilianza kumtazama Mama yangu kama anayepita. Siku moja aliingia kunikumbusha maji ya kuoga ya Koko, nikaudhika. Kisha nikamwona ameshika kiuno, amechoka, na sababu ya kuudhika sikuiona tena.

Ipo pia ile ya wasichana wanaochekana kwenye simu mpaka mmoja wao anaacha shule. Hiyo ni filamu ya kweli. Waigizaji wake hawajapakwa uzuri, wana vipele usoni, na wanapolia pua zinatoka makamasi. Ningeipa alama ya juu kuliko zote, lakini usiianze kwa sasa. Ni nzito, na ndani yake mna mahali ambapo mama na mtoto wakikaa pamoja wote watakumbuka ghafla kwamba wana kiu, wakimbilie jikoni.

Sasa nifike kwenye ile iliyonifanya niandike.

Koko anaiita ya baki. Ni ya mji ambako watu wanavuka mkono wa bahari kwa bac, feri kubwa kuliko ile yetu ya kwenda Lubunga. Baba wa msichana ndiye nahodha. Anakufa mwanzoni tu, kwa ugonjwa, na mwaka huohuo wanamaliza kujenga daraja. Bac itauzwa. Msichana ana miaka kumi na sita, anataka kuivusha mara moja ya mwisho kabla ya kuuzwa. Hiyo ndiyo hadithi yote. Maji mengi, ukungu mwingi, maneno machache. Koko alikaa kitako tangu mwanzo, hakusinzia.

Filamu hiyo ilikuwa katika safu ya zile zilizoanzwa bila kumalizwa. Nilipoibonyeza haikuanzia mwanzo. Ilinifungulia jikoni, siku ya mazishi. Watu wamejaa, wanakula. Mama wa msichana amebeba sinia, mgeni mmoja anamsimulia jambo, naye anacheka, anacheka kweli, kichwa nyuma. Msichana yuko kwenye ngazi, anamtazama. Hapo ndipo Aimée alipokuwa ameizima.

Nikarudi mwanzo, nikaitazama yote. Wiki iliyofuata nikakuta imefunguliwa tena, na imezimwa palepale, kwenye ngazi, kwenye kicheko. Na wiki iliyofuata vilevile. Nilielewa kwamba kuna kitu kinamzuia pale, kama mtu anayefika mlangoni kila siku na kurudi. Nikawa nafungua filamu nyingine bila kuigusa hiyo tena, lakini akili yangu ilikuwa inabaki kwenye ile ngazi.

Kisha Aimée akaniandikia. Hakuwa ameniandikia tangu matanga ya baba yake, tonton Emile. Aliandika kwa Kifaransa, nakutafsiria: «Fortunée, ni wewe uliyeimaliza filamu yangu?»

Nikamjibu ni mimi, na kwamba kama nimemharibia anisamehe.

Akaandika tena: «Baada ya jikoni kunatokea nini? Usiniambie. Au niambie.»

Nikamwambia kuna njia ya tatu. Tuitazame pamoja, yeye kule, mimi huku, tubonyeze kwa wakati mmoja. Akifika mahali hawezi, aseme, tutasimama wote. Alijibu kwa neno moja: «Dimanche», Jumapili.

Ilikuwa mwezi wa kumi, saa zenu hazijarudi nyuma bado, kwa hiyo saa kumi ya jioni ilikuwa ileile kwenu na kwetu. Tuko karibu na bwawa la umeme, usiku kukiwa kimya tunasikia maji yake, lakini siku hiyo umeme ulikuwa umekwenda tangu asubuhi. Nikaenda kwa Papy, jirani mwenye panneau ya jua juu ya paa, anayetia watu moto, yaani chaji, kwenye simu. Koko alikataa kubaki. Alijifunga kitenge, akachukua fimbo, akasema: «Ile mutoto iko mujukuu yangu. Mi nakwenda kuangalia naye.» Papy akatupatia benchi ndani ya kibanda chake, chini ya nyaya, akatuletea hata mto wa kiti.

Tukabonyeza. Mvua ikaanza wakati uleule bac ilipong'oa nanga. Sikujua tena mvua ipi ni ya wapi. Mabati ya Papy yalilia, maji ya bahari yale ya kijivu yalisogea kwenye kioo kidogo, na kila mara Aimée aliniandikia neno: «Kofia ya nahodha ni kama ya papa yangu.» «Yule rafiki yake ni mnafiki.» «Unaona?» Naona, nikamwandikia. Koko alikuwa ananiuliza mutoto anasema nini, namwambia, anaitika kwa kichwa. Nilihisi tumekaa benchi moja wote watatu, na kwamba nikinyoosha mkono nitagusa bega la Aimée.

Watu wakaanza kula jikoni. Mama akachukua sinia. Na hapo, mama mdogo, mtandao ukafa. Picha ikaganda kwenye uso wa yule mama, mdomo wazi.

Nilifikiri nimempoteza. Kumbe dakika haikupita, simu ikalia, alikuwa amenipigia kwa njia ya kawaida.

«Picha yangu imekufa,» nikamwambia.

«Yangu nimeisimamisha,» akasema. «Siwezi kuipita. Wewe umeshaiona. Nisimulie.»

«Kwa Kifaransa?»

«Kwa Kiswahili. Polepole. Papa alikuwa ananisimulia kwa Kiswahili.»

Basi nikamsimulia. Nikamwambia: mama anacheka, kisha anaona sinia imekuwa tupu. Anasema anakwenda kuongeza. Lakini hapiti penye chakula, anapita katikati ya watu, anafungua mlango wa nyuma, anatoka uani, penye mapipa ya taka. Anaweka sinia chini. Anakunja aproni yake, anaingiza mdomoni, anaiuma, na mabega yake yanatikisika bila sauti. Anakaa hivyo mpaka mtu ndani anamwita. Anajipangusa, anaokota sinia, anarudi. Na msichana hakuona, kwa sababu alikuwa ameshapanda ngazi. Tulioona ni sisi tunaotazama tu.

Aimée akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo sana:

«Mama yangu hakutoka nje. Nilimtazama siku nzima. Alipika, alicheka, alicheza na watu wa chama cha Wakongo huku. Wiki haikwisha akagawa makoti ya papa. Hakulia hata siku moja, Fortunée. Mimi ndiye peke yangu niliyefiwa nyumba ile.»

Nilidhani Koko amesinzia, lakini aliunyoosha mkono. «Nipe,» akasema. Akaishika simu kwa mikono miwili kama anavyoshika kikombe cha chai. Nitakuandikia maneno yake jinsi alivyoyasema, maana nilikuwa nimekaa ubavuni pake.

«Aimée, mi njo koko yako. Sikiliza. Mama yako alicheka, njo kweli. Batu balitoka mbali, balikuwa na njala na huzuni. Kama hangecheka, bangekula na haya. Lakini kutoka, alikuwa anatoka. Kila asubui. Weye haukuona, sababu inje yake ilikuwa apa kwangu.»

Akamweleza. Jinsi ulivyokuwa unampigia kutoka kituo cha basi, kabla ya kazi, wakati Aimée amelala. Jinsi yeye Koko alivyokuwa anaweka simu sikioni, anasikia magari ya Liège yakipita, na anasikia wewe unalia. Kwamba hamkuwa mnaongea. Kwamba alikuwa anakaa tu na wewe hivyo, mpaka basi lako linafika na unasema, Mama, napanda. Sisi hatukujua, mama mdogo. Tulijua Koko anaamka mapema kusali. Mama yangu na mimi tulikuwa tunapita mbele ya mlango wake kwa ncha za vidole ili tusimkatize na Mungu.

Aimée akauliza: «Sasa kwa nini hakulia mbele yangu?»

«Sababu batu balimwambia kaza roho, mutoto asione. Na wa kwanza kumwambia vile ni mi. Nilifikiri namusaidia. Mutoto asipoona machozi ya mama yake, anafikiri mama iko jiwe. Mi mukubwa, lakini ile sikujua. Na makoti, usimukasirikie. Njo desturi yetu, nguo ya marehemu inakwenda kwa bandugu yake. Mi njo nilimutuma agawe mbio. Roho yake haikupenda.»

Tulisikia Aimée analia. Papy aliinuka, akaenda kusimama mlangoni, akatugeuzia mgongo, akawa anatazama mvua kama mtu aliyeajiriwa kuilinda. Koko hakumnyamazisha Aimée. Alikaa tu na simu sikioni, macho amefumba, na mimi nikaona kwa macho yangu kile alichokuwa anakufanyia wewe asubuhi zile zote.

Alipotulia, Aimée akasema: «Koko, papa alikuwa anavuka maji?»

Ndipo Koko akafungua sanduku lake la hadithi za zamani. Akamsimulia jinsi tonton Emile, kijana wa Yanonge, alivyokuwa anakaa Lubunga kwa mjomba wake, na anavuka kwa mtumbwi kuja kukuposa, siku ambazo baki ililala bila kuvusha watu. Jinsi siku moja mvua ilivyomkuta katikati ya mto, naye hakutaka kufika ukweni na viatu vimelowa, akavifunga kwenye majani ya kufungia samaki wa liboke, akaviweka kichwani, akapiga kasia hivyo. Alifika amelowa kama samaki, viatu vikavu, akasimama uani kwetu akivivaa kwa adabu, soksi na zote. Marehemu babu akamwambia, mtu anayelinda viatu namna hiyo atalinda na mtoto wa watu.

Aimée alicheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu alipokuwa na meno ya mtoto, mlipokuja huku likizo. Mvua ilikuwa inaenda inapungua, nje palikuwa na rangi ile ya dhahabu inayokuja baada ya mvua, na ndani ya kibanda cha Papy taa ndogo za simu zinazotiwa moto ziliwaka nyekundu na kijani kama mji unaoonekana kutoka mbali. Koko aliongea mpaka simu ya Aimée ikaisha pesa, hata baada ya hapo aliendelea kidogo, na mimi sikumkatiza.

Tulirudi nyumbani taratibu tukikwepa madimbwi. Koko alinishika mkono, akaniambia ile filamu ni nzuri, ila yule msichana avae koti, atapata baridi.

Siku chache baadaye nilimuuliza Aimée kama ninaweza kukuandikia haya. Alikataa. Nikanyamaza, nikaenda Masako na kimya changu. Niliporudi na simu ikapata mtandao, nilikuta ujumbe wake umeningoja: «Mwambie. Mimi sijui nianzie wapi. Lakini asikimbilie kunikumbatia. Akae kwanza.» Na chini yake: «Filamu sijaimaliza. Sitaki kuimaliza peke yangu.»

Kwa hiyo, mama mdogo, uliuliza uingilie mlango gani. Mimi ni mtoto, sina akili ya kukushauri, lakini kwa kuwa uliniuliza, nakujibu. Siku usiyo na zamu, piga hodi. Usimwulize shule, usimwulize internat. Mwambie unataka kutazama ile ya baki. Kaa kitandani kwake, si kwenye kiti cha mezani, kiti kinafanana na mkaguzi. Atakuwekea mahali alipoachia. Yule mama atakapotoka uani, nawe ukaona machozi yanakuja, tafadhali usiende kuongeza chai. Yaache yatoke yeye akiwepo.

Kuhusu internat sijui. Sikumuuliza, kwa sababu hilo ni lenu wawili. Labda ataenda, na kwenda si kosa. Kuna tofauti kati ya mtoto anayeondoka na mtoto anayekimbia, nawe utaiona usoni mwake kuliko mimi ninavyoweza kuisikia kwenye simu. Najua tu kwamba juzi aliniuliza mwezi wa saba mto wetu unakuwa na maji kiasi gani, na kama mtu asiyejua kuogelea anaweza kupanda mtumbwi. Nikamwambia Koko hajui kuogelea, na amepanda mitumbwi maisha yake yote.

Ulitaka pia hukumu yangu kuhusu filamu hizi kwa jumla. Mama anasema zinawafundisha wasichana kubusiana na kujibu wazazi. Ni kweli kidogo. Nyingi ni za haraka, zimetengenezwa kama nguo za soko, zinapendeza siku moja. Lakini mtoto aliyefiwa anatafuta mahali ambapo mwingine amefiwa, akae karibu naye gizani bila kuulizwa kitu. Aimée alipata mahali hapo kwenye kioo kabla hajapapata nyumbani. Usizionee wivu filamu. Zilimshikia nafasi.

Mwisho wa ile ya baki sikuandikii, ingawa najua utatamani. Muuone wenyewe mkiwa wawili, kisha unitumie sauti yako, uniambie kama umekubaliana nao. Mimi na Koko hatukukubaliana. Tumegombana juu yake mpaka pondu ikaungua.

Mnisalimie tonton Landry na mke wake huko Namur, na wale mama wa chama walioimba kwenye matanga, hata wale waliokuchekesha. Mwambie Aimée Papy anauliza benchi letu tutalirudia lini. Papa Timothée akitoka Isangi nitampa habari, atafurahi kimya kimya kama kawaida yake. Mama anakuombea usingizi. Koko anasema asubuhi ukihitaji kupiga simu bado piga, lakini sasa piga ukiwa nyumbani, mlango wazi.

Mungu aliyeupa mto ng'ambo mbili bila kuufanya kuwa mito miwili awatunze ninyi wawili chini ya paa lenu, awape majira ya baridi mafupi na mazungumzo marefu.

Nabaki mimi, mtoto wa dada yako, ninayekupenda na kukukumbuka toka upande huu wa maji,

Fortunée